Nyumba ya shamba ya Kiayalandi ya karne ya 19: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa namna mbili: wanaoiona nyumba hii njiani au kwenye picha wakataka kuielewa, na walioinunua au kuirithi, ambao sasa wanabishana na fundi kuhusu unyevu. Si lazima usome kuanzia mwanzo. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Namba ya swali lake imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema nyumba ya shamba ya Kiayalandi ya karne ya 19, tunamaanisha ipi?

Zipo za sura mbili. Ya kwanza ni ndefu na ya chini, imeezekwa kwa nyasi, vyumba vyake viwili, vitatu au vinne vimefuatana kwa mstari mmoja, na dohani imechomoza kwenye mgongo wa paa. Ya pili ina ghorofa moja juu, paa la sleti (vipande bapa vyembamba vya jiwe), mlango katikati na madirisha yaliyolingana kushoto na kulia. Mara nyingi ya pili imezaliwa na ya kwanza (tazama swali la 11).

Karibu zote hazikuchorwa na msanifu majengo. Mkulima alijenga yeye mwenyewe na jamaa zake, majirani wakaja kusaidia, na fundi wa kijijini akaitwa kwa kazi iliyohitaji utaalamu. Mawe, udongo, chokaa, mabua na miti vilitoka pale ambapo mkokoteni uliweza kwenda na kurudi. Ndiyo maana nyumba ya kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi, haifanani na ya Wexford, kusini-mashariki.

2. Kwa nini ni nyembamba hivyo?

Kwa sababu ya mbao. Misitu ya Ayalandi ilikuwa imefyekwa tangu zamani. Kufikia mwisho wa karne ya 19 iliyobaki ilifunika asilimia 1 hivi tu ya nchi. Boriti ndefu ya kuvusha paa pana ilikuwa mali ya tajiri. Wakulima wengi walichimbua magogo ya misonobari na mialoni yaliyozama kwenye matope ya bwawani kwa maelfu ya miaka, wakayapasua na kuyafanya makombamoyo. Kwa miti ya namna hiyo, upana wa nyumba ulibaki mita nne au tano hivi.

Aliyetaka nafasi zaidi aliongeza chumba mwishoni au aliinua kuta, na kina cha nyumba kikabaki kilekile: chumba kimoja kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Ukipita mbele ya nyumba taratibu utaona mshono wa wima ukutani, au dirisha moja lililo tofauti na mengine. Hapo ndipo familia ilipoongeza chumba.

3. Je, hizi zilikuwa nyumba za maskini?

Hapana, na hili linahitaji kusemwa kwa sauti. Sensa ya 1841 iligawa nyumba katika madaraja manne. Daraja la nne lilikuwa kibanda cha udongo chenye chumba kimoja, na vibanda hivyo vilihesabiwa takriban 491,000. Kisha ugonjwa wa viazi ukaingia mwaka 1845, ikafuata Njaa Kuu. Sensa ya 1851 ilikuta vibanda 135,000 hivi. Watu waliokuwa zaidi ya milioni 8 walibaki milioni 6.5 hivi, karibu milioni moja walikufa na milioni nyingine walihama. Vibanda vyao viliyeyuka kwa mvua, au vilibomolewa na wenye ardhi walipowafukuza wapangaji.

Nyumba ya shamba tunayoiona leo ilikuwa ya mtu mwenye ekari zake, japo za kukodi, na mifugo kadhaa. Anayesema "hivi ndivyo Waayalandi walivyoishi" awakumbuke wale ambao nyumba zao hazikuacha hata jiwe.

## Kuta na paa

4. Kuta zimejengwa kwa nini?

Penye mawe, kwa mawe. Pasipo mawe mazuri, kwa udongo. Kuta za mawe zina unene wa sentimita 60 hivi, mara nyingine zaidi: uso wa nje na wa ndani umepangwa vizuri, katikati pamejazwa kokoto na udongo. Kinachoshika mawe kwa kawaida ni udongo au chokaa dhaifu.

Kuta za udongo ni nyingi mashariki na kusini-mashariki kuliko watu wanavyodhani. Udongo ulikandwa kwa maji na mabua, ukawekwa tabaka baada ya tabaka bila mbao za kushikilia, kila tabaka likiachwa likauke kabla ya kupandisha jingine. Ukiisha kukauka, ulichongwa kwa sepetu mpaka ukanyooka. Nyumba ya Mayglass, katika kaunti ya Wexford, ilianza hivyo karne ya 18 na bado imesimama. Ukuta wa udongo unadumu kwa masharti mawili: miguu yake isilowe na kichwa chake kifunikwe.

5. Paa la nyasi linaezekwaje?

Hii ndiyo sehemu ninayopenda zaidi kuieleza, kwa kuwa wengi hudhani ni nyasi tu zilizorundikwa. Juu ya makombamoyo na fito huja kwanza tabaka la majani mafupi pamoja na mizizi na udongo wake, lililokatwa malishoni kwa vipande virefu. Lilikunjwa kama jamvi, likabebwa hadi juu, likakunjuliwa upande wa majani ukitazama angani, kisha likashonewa kwenye miti kwa sindano ndefu na kamba. Ukiingia darini katika nyumba ya zamani na kumulika juu, utaona upande wa chini wa tabaka hilo: mweusi kwa masizi ya miaka mia, mizizi ikining'inia, mishono ya kamba ikionekana bado.

Juu yake ndipo zinapokuja nyasi zenyewe: mabua ya ngano, ya oti au ya rai, kitani kaskazini, matete karibu na mito na maziwa, hata majani ya fukwe za mchanga. Mwezekaji huanza chini kwenye mchirizi na kupanda hadi mgongoni, akibana kila fungu kwa fito za hezeli au mwerebi zilizokunjwa na kuchongwa ncha pande zote mbili. Pwani ya Atlantiki upepo ungezing'oa fito hizo, kwa hiyo huko paa zima hufungwa kwa kamba zinazovuka juu na kushikwa kwenye vigingi vya mawe vilivyojengewa ukutani.

Mabua huhitaji tabaka jipya baada ya miaka kumi na kitu. Matete hudumu zaidi. Kwa kawaida mwezekaji hapasui paa lote. Huondoa kilichooza na kuongeza kipya juu ya cha zamani, hivyo ndani ya paa nene mnaweza kuwa na mabua yaliyovunwa kabla ya Njaa Kuu, ya aina ambazo hazilimwi tena. Usimruhusu fundi kuyatupa yote kwa sababu tu "ni ya zamani".

6. Kwa nini zimepakwa rangi nyeupe?

Ni chokaa iliyozimuliwa kwa maji, na iliwekwa upya karibu kila mwaka. Inauzuia ukuta usile mvua nyingi, inaua wadudu, na inapendeza. Msukumo mkubwa ulikuwa misa ya nyumbani: padri alisali katika nyumba moja ya kila mtaa kwa zamu, na hakuna familia iliyotaka kupokea majirani kwenye ukuta mchafu. Si zote zilikuwa nyeupe. Wengine walitia udongo wa rangi ya manjano, au buluu ya kufulia.

## Ndani ya nyumba

7. Kwa nini kila kitu kinazunguka jiko?

Jiko lilikuwa sebule, mahali pa kupikia, pa kukaushia nguo na pa kusimuliana hadithi. Moto ulikuwa wa mboji ya bwawani, ule udongo mweusi unaokatwa kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa. Usiku makaa yalifukiwa kwenye jivu, asubuhi yakachochewa. Familia zilijivunia moto ambao haukuwahi kuzimika tangu babu alipohamia.

Pembeni mwa jiko husimama nguzo ya chuma yenye mkono unaozunguka, ya kuning'iniza masufuria juu ya moto au kuyaondoa. Mkate uliokwa kwenye sufuria nzito ya chuma yenye miguu mitatu, moto juu na chini, makaa yakipaliwa kwenye kifuniko. Ukiikuta nguzo hiyo mahali pake, iache hapohapo. Nyingi zimeng'olewa na kuuzwa kwa wapambaji wa baa.

8. Nawezaje kujua mpangilio wa ndani nikiwa nje?

Tazama mlango, kisha tazama dohani. Ikiwa dohani iko juu ya mlango moja kwa moja, basi ukiingia utakutana na ukuta mfupi unaolikinga jiko na upepo wa mlangoni. Ukuta huo mara nyingi una kidirisha kidogo, ili aliyekaa kando ya moto amwone anayekuja. Mpangilio huu umetawala mashariki na kusini-mashariki.

Ikiwa mlango uko mbali na dohani, unaingia jikoni moja kwa moja, na mahali pa moto pako upande wa pili wa chumba. Huo ni wa magharibi na kaskazini-magharibi. Wataalamu wa makazi ya jadi hutumia alama hii kuliko umbo la paa, kwa kuwa paa hubadilishwa lakini dohani ni kazi kubwa kuihamisha.

9. Ukuta wa nyuma umevimba kwa nje karibu na jiko. Umeharibika?

Ikiwa uko Donegal, Mayo au kaunti jirani, huenda ni kidaka cha kitanda. Ukuta ulisukumwa nje kwa makusudi kiasi cha upana wa kitanda, paa likashuka kukifunika, na ndani pakawekwa pazia au milango ya mbao. Wazee walilala hapo, penye joto. Pima kabla ya kuita mvunjaji: uvimbe wa uharibifu hauna pembe zilizonyooka.

10. Ni kweli waliishi na ng'ombe ndani?

Baadhi, ndiyo, hasa magharibi na kaskazini-magharibi. Ng'ombe walikaa mwisho mmoja wa nyumba, upande wa chini wa mteremko, na mfereji wa kupitisha kinyesi ulikata sakafu. Milango miwili ilitazamana, mmoja mbele na mmoja nyuma. Joto la mifugo lilisaidia, na mnyama mwenye thamani alikuwa chini ya uangalizi. Katika karne ya 19 desturi hii ilipungua haraka, na upande wa ng'ombe ukageuzwa chumba cha kulala.

Ule mlango uliokatwa nusu una kazi ya namna hiyohiyo: nusu ya chini imefungwa kuku na nguruwe wasiingie, ya juu imefunguliwa mwanga upite.

## Ghorofa, sleti na uani

11. Nyumba ya ghorofa yenye paa la sleti ilitokea wapi?

Kwenye usalama wa ardhi. Mwaka 1870 ni asilimia 3 hivi tu ya wenye kaya mashambani waliomiliki ardhi waliyoilima. Mpangaji asiye na mkataba aliogopa kuitengeneza nyumba, maana angeweza kupandishiwa kodi kwa jasho lake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1881 ilimpa kodi ya haki na ulinzi wa kutofukuzwa ovyo. Sheria zilizofuata, kubwa kuliko zote ile ya 1903, zikamwezesha kununua. Hapo mikono ikafunguka.

Reli na meli zilileta sleti ya Wales kwa bei ya kufikika. Ushuru wa vioo uliondolewa mwaka 1845, vioo vikawa vikubwa na nafuu. Dirisha la vioo vidogo sita juu na sita chini likaanza kupisha lile la viwili juu na viwili chini. Ulinganifu wa mbele uliigwa kutoka nyumba za mapadri na za wenye mashamba makubwa, lakini nyuma ya uso huo mara nyingi kuna kuta zilezile za zamani, zimeinuliwa tu. Kina bado ni chumba kimoja.

12. Je, mabanda na ua ni sehemu ya urithi?

Ni nusu yake. Zizi, ghala, banda la farasi, nguzo nene za mviringo za lango na geti lililofuliwa na mhunzi wa kijijini ndivyo vinavyoonyesha shamba lilivyofanya kazi. Nyumba iliyokarabatiwa vizuri huku mabanda yamesukumwa na buldoza imepoteza maelezo yake.

## Thamani na ulinzi wa sheria

13. Thamani yake iko wapi, ikiwa si kasri?

Sheria ya Mipango na Maendeleo ya mwaka 2000 ilitambua aina nane za thamani: ya usanifu, historia, akiolojia, sanaa, utamaduni, sayansi, ufundi na ya kijamii. Kasri hushinda kwenye sanaa. Nyumba ya shamba hushinda kwenye ufundi, utamaduni na jamii, kwa sababu inahifadhi maarifa ambayo hayakuandikwa popote: mahali pa kukinga upepo, udongo upi unashika, mabua yapi hayaozi. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko nakshi za dari, na unapotea haraka zaidi. Serikali nayo ilitoa mkakati mwaka 2021 mahsusi kwa majengo ya jadi.

14. Nyumba yangu imo kwenye orodha ya taifa ya urithi wa usanifu. Inalindwa?

Si lazima. Orodha hiyo ni utafiti: inaeleza jengo na kulipa daraja, kuanzia la kimataifa na la kitaifa hadi la mkoa, la eneo, na la kumbukumbu tu. Ulinzi wa kisheria hutoka kwenye rejista ya majengo yaliyolindwa, inayotunzwa na halmashauri ya kaunti. Jengo likiwa humo, ulinzi unashika ndani na nje, pamoja na uwanja wake na vilivyomo uwanjani. Mwenye nyumba anaweza kuiomba halmashauri tamko la maandishi linaloeleza kazi zipi zinahitaji kibali na zipi hazihitaji. Liombe kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa.

15. Sheria ni hizohizo Ayalandi ya Kaskazini?

Hapana. Huko majengo huorodheshwa na Idara ya Jamii kwa madaraja A, B+, B1 na B2, na kuorodheshwa ndiko kulindwa.

16. Nitajuaje umri wa nyumba?

Anza na ramani za Ordnance Survey (idara ya serikali ya upimaji ramani) za inchi sita kwa maili, zilizopimwa kati ya 1829 na 1842: je, jengo lipo, na lina umbo hilohilo? Kisha tazama tathmini ya kodi ya Griffith ya 1847 hadi 1864, ambayo inataja mpangaji na mwenye ardhi.

Sensa za 1901 na 1911 zinapatikana bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa. Tafuta fomu B1. Karani aliandika 1 kwa kuta za mawe, matofali au zege na 0 kwa za udongo, mbao au kitu kingine kisichodumu. 1 kwa paa la sleti, bati au vigae na 0 kwa la nyasi, mbao au kitu kingine kisichodumu. Kisha akahesabu vyumba na madirisha ya mbele. Kama mwaka 1901 paa lilikuwa 0 na 1911 likawa 1, umeshajua muongo ambao nyasi zilipisha sleti, bati au vigae. Fomu B2 inaorodhesha mabanda.

## Kukarabati na kuishi humo

17. Fundi anataka kupiga lipu ya saruji ili kuzuia unyevu. Nikubali?

Usikubali. Hili ndilo kosa linaloua nyumba hizi, na linafanywa kwa nia njema.

Ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu. Hunyonya maji kidogo kutoka chini na kutoka mvua, kisha huyatoa kupitia chokaa jua na upepo vinapopita. Saruji ni ngumu, haipitishi. Ukuta ukitikisika kidogo saruji hupasuka, maji huingia kwenye ufa mwembamba na hayana pa kutokea. Yanapanda juu, yanatokea ndani, vichwa vya boriti vinaoza. Kwenye ukuta wa udongo ni hatari zaidi: udongo uliolowa nyuma ya saruji hugeuka uji na ukuta unaweza kuporomoka bila dalili kubwa nje. Wakarabati wa nyumba za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe Unguja wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Anza na mambo ya bei nafuu. Ondoa udongo uliorundikana nje hadi juu ya usawa wa sakafu, rekebisha mifereji, safisha dohani, fungua madirisha yaliyogandishwa na rangi. Kisha bandua saruji kidogokidogo, ukuta ukauke, na pigwe lipu ya chokaa. Kukauka huchukua miezi. Ukuta ukibomoka pamoja na saruji inapobanduliwa, simamisha kazi na uite mhandisi anayejua majengo ya zamani.

18. Je, naweza kuifanya iwe na joto?

Ndiyo. Dari na upepo wa mlangoni na madirishani kwanza. Hapo ndipo joto hukimbilia. Kwa kuta tumia vifaa vinavyopumua, kama lipu ya chokaa na nyuzi za hemp (mmea wa jamii ya bangi, si mkonge). Mbao za povu zilizobandikwa ndani zitarudisha tatizo la swali la 17. Sakafu ya zege juu ya karatasi ya plastiki nayo husukuma unyevu wote kwenye kuta.

19. Mbona bima ya paa la nyasi ni ngumu kupata?

Kwa sababu ya moto, na kwa sababu kampuni nyingi zimejitoa katika biashara hiyo. Wenye nyumba wanaumia kweli: bila bima benki haitoi mkopo, na bila mkopo paa halitengenezwi. Unachoweza kufanya ni kupunguza hatari na kuweka ushahidi wake: cheti cha umeme, risiti za kusafisha dohani, picha za paa. Jihadhari na majiko ya kisasa ya kuni. Moshi wake ni wa moto kuliko wa jiko la wazi, na dohani ya zamani haikujengwa kwa ajili yake.

20. Kuna ruzuku?

Zipo, na hazichanganyiki ovyo. Ruzuku ya kufufua nyumba tupu ilipandishwa Mei 2023 hadi euro 50,000, au 70,000 kwa nyumba iliyo gofu, kwa jengo lililojengwa kabla ya 2008 na kukaa tupu angalau miaka miwili. Majengo yaliyolindwa yana mifuko yake kupitia halmashauri. Baraza la Urithi lina ruzuku ya mabanda ya jadi kwa wakulima walio katika mpango wa mazingira; hiyo haihusu nyumba ya kuishi. Katika zote, anayeanza kazi kabla ya kuidhinishwa hujikosesha fedha.

## Hali zisizo za kawaida

21. Paa la nyasi limefunikwa na mabati. Niyaondoe?

Usiwe na haraka. Mabati mengi yalipigiliwa juu ya nyasi bila kuziondoa, na yamezihifadhi kwa miongo. Yenyewe nayo ni hatua ya historia ya nyumba. Yakivuja, mwite mwezekaji atazame kilicho chini kabla ya mtu yeyote kung'oa msumari.

22. Zimebaki kuta tupu. Kuna faida yoyote kuzihifadhi?

Ndiyo, hata kama huna uwezo wa kuezeka. Funika vichwa vya kuta, kata mizizi ya mimea iliyopanda bila kuing'oa kwa nguvu, piga picha, chora vipimo. Kagua popo na ndege kabla ya kugusa kitu. Popo wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 1976.

23. Nataka kuona nyumba kama hizi zilizo kamili. Niende wapi?

Makumbusho ya maisha ya jadi ya Ulster Folk Museum, nje ya Belfast, yana nyumba zilizobomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya. Makumbusho ya wazi ya Bunratty, kaunti ya Clare, yalianza na nyumba ya shamba iliyohamishwa kupisha njia ya ndege ya Shannon. Mashamba ya jadi ya Muckross karibu na Killarney na kijiji cha makumbusho cha Glencolmcille huko Donegal vinafaa pia. Nenda wakati moto umewashwa jikoni.

24. Mafundi wamefukua mafuvu ya farasi chini ya sakafu karibu na jiko. Tuogope?

Hapana. Katika sehemu kadhaa za Ayalandi mafuvu yalizikwa kwa makusudi chini ya mawe ya sakafu ili miguu ya wachezaji ngoma isikike vizuri zaidi. Wengine waliyahusisha na bahati. Simamisha kazi pale yalipo. Piga picha kabla hayajainuliwa, andika kina na umbali wake kutoka jikoni, na umpe taarifa afisa wa urithi wa kaunti. Mkikuta pia kitu kinachoonekana cha kale sana, sheria inataka Makumbusho ya Taifa yaarifiwe. Baada ya hapo unaweza kuyarudisha mahali pake kabla sakafu mpya haijalazwa, na wenye nyumba wengi hufanya hivyo.